Sun Ultra 5 ina skrini nyeusi, akaunti zinagoma: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Tanga

Hii nimeiandika mana nimechoka kujibu mambo yaleyale kwa simu saa tano usiku. Hapa Tanga tuko wachache tunaohangaika na hizi Sun za zamani, kompyuta za kampuni ya Sun Microsystems, na nyingi tumeziokota kwa wanunuzi wa chuma chakavu baada ya ofisi fulani kuzitoa stoo, mtu anaipima kwa kilo wala hajui ni nini. Zote zilizopita mikononi mwangu ni Ultra 5, ile ya mwaka 1998 yenye prosesa ya UltraSPARC IIi, boksi limelala bapa na monita inakaa juu yake, na ndani nyingi zina Solaris 8, mfumo endeshi wa Sun wenyewe. Kama yako ni Sun nyingine mengi humu yatakufaa, ila usije ukaniambia umefata kila neno na haijawaka.

Fundi, nimewasha, feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Imekufa?

Bado. Naomba ushike hili moja kabla hujaanza kuchomoa vitu: hii mashine inaweza kuwa nzima kabisa na inaongea, ila inaongea kusikokuwa kwenye skrini. Sio kama PC. PC isipoona keibodi inalalamika kwenye kioo, Sun isipoona keibodi inaamua kwamba hakuna mtu mbele yake, inahamishia maneno yote kwenye porti ya serial, na huko inaandika "Keyboard not present. Using ttya for input and output." Wewe umekaa unaangalia kioo cheusi, yenyewe inakusubiri mlango wa nyuma.

Kwahiyo kwanza angalia keibodi. Taa zake zinatakiwa zimulike kidogo pale unapowasha. Zisipomulika, basi kebo yake ina tatizo au soketi imeota kutu, na kwetu huku chumvi ya baharini haina huruma, mtu anakaa Raskazone dirisha wazi mwaka mzima halafu anashangaa pini zimekuwa kijani. Spiriti na mswaki wa zamani, sugua taratibu, acha ikauke, jaribu tena.

Pili, subiri. Kweli kabisa, subiri. Kama kumbukumbu ya mipangilio imepotea mashine inajiwashia ukaguzi mrefu, dakika kadhaa, na matokeo yake yote yanaenda serial wakati kioo kiko kimya. Kuna dogo wa Makorora aliizima na kuiwasha mara saba kwa sababu hiyo, kila ikikaribia kumaliza anaizima, mara ya nane akaitwa kula, karudi kakuta maandishi yamejaa.

Tatu ni monita yenyewe, na hiyo ina swali lake chini.

Nne ni RAM. Zinakaa mbilimbili, ukiweka moja peke yake au jozi isiyolingana haiendi. Zitoe, futa meno yake kwa ufutio wa penseli, rudisha mpaka ziseme ka.

Si naweza kuweka tu keibodi ya PS/2? Tundu linafanana.

Linafanana kwa mbali. La Sun lina pini 8, la PS/2 lina pini 6, ukilazimisha utapinda pini halafu uanze kutafuta mchawi. Ya USB ndo kabisa, Ultra 5 haina USB. Tafuta keibodi ya Sun Type 5, au Type 6 lakini ile yenye kichwa cha duara mana Type 6 zilitoka za aina mbili na nyingine ni za USB. Maus inachomekwa kwenye keibodi, sio kwenye mashine. Keibodi ikikosekana kabisa usikate tamaa, serial inatosha kufanya kila kitu humu isipokuwa picha.

Hiyo serial naipataje?

Nyuma kuna porti mbili, A ni ile pana ya pini 25 na B ni ndogo ya pini 9. Unayoitaka ni A, hiyo ndo ttya, watu wengi wanachomeka B kwa sababu ndo inayoingiliana na kebo waliyonayo halafu wanasema mashine bubu. Upande wa laptopu tumia kebo ya USB kwenda serial, katikati weka null modem, ile inayopishanisha waya wa kutuma na wa kupokea, na adapta ya pini 9 kwenda 25. Spidi ni 9600, biti 8, bila pariti, stop biti 1. Kwenye Linux:

screen /dev/ttyUSB0 9600

Chomoa keibodi ya Sun, washa, utaona maneno yanashuka. Mimi siku ya kwanza kuyaona niliruka kwenye kiti, mana mashine nilishaiandikia tanzia.

Monita yangu ya bapa inaandika "Out of range", au picha inacheza cheza kama maji.

Hapo umefurahi, mashine ni nzima. Ultra 5 ina VGA ya kawaida nyuma, ila ikishindwa kuitambua monita inajirushia kwenye 1152x900 kwa 66 Hz, ambayo monita nyingi za sasa hazijawahi kuisikia. Dawa ni kuishusha. Bonyeza Stop na A kwa pamoja ufike kwenye neno ok, kisha:

setenv output-device screen:r1024x768x60
reset-all

Kama huoni kitu unaweza kuandika gizani ukiwa na uhakika na vidole vyako, au ufanye kwa serial kama nilivyosema juu, halafu urudishe keibodi. Hiyo inatengeneza maandishi ya kuwakia. Desktopu nayo ina yake, ukishaingia kama root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine:

m64config -res 1024x768x60

Toka nje ya desktopu uingie upya. Ukitaka kujua kadi yako inakubali nini andika m64config -res '?' na hizo alama za nukuu usizisahau, ukiziacha shell, yaani programu inayopokea amri zako, inaweza kuila hiyo alama ya kuuliza kabla haijafika.

Kama Sun yako ina lile tundu kubwa lenye matundu matatu ya duara ndani, hiyo ni 13W3, utahitaji adapta ya kwenda VGA, na hata ukiwa nayo baadhi ya monita hazitakubali mana ishara za mlalo na wima zinakuja zimechanganywa kwenye waya mmoja. Jaribu monita mbili tatu kabla ya kulaumu adapta. Lile limonita zito la CRT ambalo shangazi anataka kulitupa, usimruhusu.

Inasema "IDPROM contents are invalid" na namba ya mtandao ni ff:ff:ff:ff:ff:ff.

Karibu chamani. Ndani kuna chip yenye miguu 28, M48T59, ina saa, mipangilio na namba ya Ethernet ya mashine, na betri yake imefungiwa humohumo ndani ya plastiki. Betri zimezeeka, zimekufa karibu zote. Mashine inaweza kuendelea kuwaka lakini haijui jina lake.

Tiba ya muda ni kuiandikia upya kwa mkono. Pale kwenye ok unaongea na lugha ya Forth, jaribu kuandika 2 3 + . uone inavyokujibu 5, kwahiyo namba inatangulia na amri inafuata, na namba zote ni za heksadesimali. Angalia stika juu ya chip, ikiwa namba bado inasomeka tumia hiyohiyo. Mfano, tuseme namba inaishia 5a 3b 7c:

set-defaults
setenv diag-switch? false
1 0 mkp
real-machine-type 1 mkp
8 2 mkp
0 3 mkp
20 4 mkp
5a 5 mkp
3b 6 mkp
7c 7 mkp
0 8 mkp
0 9 mkp
0 a mkp
0 b mkp
5a c mkp
3b d mkp
7c e mkp
0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp
reset-all

Ule mstari wa pili kutoka mwisho ndo unapiga hesabu ya kuhakiki, ukikosea nafasi hata moja itakataa. 8 0 20 ni alama ya Sun, ziache hivyo. Na usiweke namba moja kwenye mashine mbili zilizo mtandao mmoja, zitagombana.

Shida ni kwamba umeme ukikatika yote yanapotea, na umeme wetu unaujua. Dawa ya kudumu ni chip mpya, au ufanye kama sisi, unakwangua plastiki upande wa betri mpaka uone waya zake mbili, unaikata ya zamani unaunga kishikio cha CR2032 kwa nje. CR2032 zinapatikana mpaka duka la saa Ngamiani. Ila kwangua upande sahihi! Chip yangu ya kwanza niliishambulia kwa pupa upande wa pili ambako kuna kristali, saa ikafa moja kwa moja, nikakaa miezi nayo kama pambo la meza.

Imewaka lakini inarudia "Timeout waiting for ARP/RARP packet" mpaka asubuhi.

Ni mtoto wa tatizo la juu. Chip ikipoteza kumbukumbu, diag-switch inarudi kuwa true, na ikiwa true mashine inajaribu kuwakia mtandaoni badala ya diski. Stop-A, halafu:

setenv diag-switch? false
boot disk

Paswedi ya root siijui, na aliyekuwa nayo alishastaafu.

Hakuna haja ya kumtafuta mzee wa watu huko Muheza. Unahitaji sidii ya Solaris, na kama umeichoma mwenyewe ichome kwa spidi ndogo mana hizi sidirom ni wazee na zina macho mabovu. Kwenye ok:

boot cdrom -s

Ikifika kwenye alama ya #:

fsck -y /dev/rdsk/c0t0d0s0
mount /dev/dsk/c0t0d0s0 /a
TERM=sun; export TERM
vi /a/etc/shadow

Kama uko kwa serial weka vt100 badala ya sun. Tafuta mstari unaoanza na root, futa yale madudu yaliyo kati ya nukta pacha ya kwanza na ya pili, ubaki na root:: na mengine yote yaache. Faili ni la kusoma tu kwahiyo kuhifadhi ni :wq! na hiyo alama ya mshangao. Kisha cd / halafu umount /a halafu reboot, ingia kama root bila paswedi na hapohapo andika passwd uweke mpya. Hapohapo, sio kesho.

Njia ni hiihii kama uliibadilisha shell ya root ukaandika njia isiyokuwepo na sasa mashine inakuambia "No shell", tofauti ni faili tu, hapo unahariri /a/etc/passwd na kurudisha /sbin/sh. Ushauri wangu shell ya root iache hivyohivyo, inaudhi lakini inawaka hata pale /usr haijapanda.

Nataka kufungua akaunti, mkdir /home/salim inakataa, "Operation not applicable", na mimi ni root!

Hili ndo swali namba moja, likishindana na skrini nyeusi. Watu waliotoka Linux wanaona kama wamerogwa, root anakataliwaje kutengeneza folda? Ni kwamba /home kwenye Solaris sio folda ya kawaida, imeshikiliwa na automounter, kazi yake ni kuleta nyumba za watu kutoka popote zilipo kwenye mtandao. Enzi hizo mtu anakaa kwenye mashine yoyote ofisini anakuta mafaili yake, wazo zuri sana tu, ila wewe una mashine moja sebuleni. Nyumba halisi zinakaa /export/home. Kwahiyo:

useradd -u 1001 -g 10 -d /export/home/salim -m -s /bin/ksh salim
passwd salim

Group 10 ni staff. Bash ipo kwenye Solaris 8, ukiitaka weka /bin/bash. Na kama moyo wako unataka /home/salim ionekane, weka mstari huu kwenye /etc/auto_home, na kwenye /etc/passwd nyumba yake iandike /home/salim:

salim localhost:/export/home/salim

Ikisema useradd haipo, umeingia kwa su bila kistari. Andika su - na hicho kistari, ndo unapata njia za root.

Nimefungua akaunti vizuri, akiingia inasema "Login incorrect".

Umesahau passwd. Akaunti mpya inazaliwa imefungwa, ukiangalia /etc/shadow utaona *LK*, na itabaki hivyo mpaka uiwekee paswedi.

Jina la mwanahamisi linaleta onyo.

Herufi 8 mwisho. Mwite mwanaham, atakusamehe. Na paswedi nayo, ijapokuwa unaweza kuandika ndefu kama utenzi, inayohesabiwa ni herufi 8 za kwanza tu, kwahiyo tanga1234567 na tanga1239999 kwake ni kitu kimoja.

Paswedi inakubali, skrini inamulika, halafu ananirudisha palepale pa kuingilia. Au inasema "The DT messaging system could not be started".

Paswedi haina kosa, ni desktopu, CDE, imeshindwa kusimama. Kwenye ile skrini ya kuingilia kuna Options, ingia Session, chagua Failsafe Session, utapata dirisha moja la amri tu na linatosha. Anza na df -k, diski ikijaa asilimia 100 CDE haiwezi kuandika vifaili vyake na haikwambii. Pili angalia kama nyumba ya mtumiaji ipo na ni mali yake, ls -ld /export/home/salim, mana ukiitengeneza kwa mkono ukiwa root inabaki ya root, irudishe kwa chown. Tatu, na hii ndo inayoleta ule ujumbe wa DT, ni jina la mashine: watu wanabadilisha /etc/nodename wakaipa mashine jina la mitaa, chumbageni, mabawa, wanasahau /etc/hosts na /etc/hostname.hme0. Jina lazima lifanane kote, na kwenye /etc/hosts lazima kuwe na mstari wa 127.0.0.1 localhost na mwingine wenye jina lako. Bado? Soma .dt/startlog ndani ya nyumba ya mtumiaji, humo inasema ukweli.

Na anayeuliza kwanini .profile yake haisomwi ndani ya CDE, fungua .dtprofile, mwishoni kuna mstari wa DTSOURCEPROFILE=true umewekewa alama ya #, uondolee.

Nikiwa su - programu za madirisha hazifunguki, "Can't open display".

Skrini ni ya aliyeingia, root kwake ni mgeni. Kwanza kwenye dirisha la mtumiaji andika xhost +localhost, kisha kwa root:

DISPLAY=localhost:0.0; export DISPLAY

Ziandike mbili hivyo. Export X=Y kwa pamoja shell ya root haiijui. Usije ukaandika xhost + tupu, hiyo ni kufungua mlango na kwenda sokoni.

Telnet kama root inanitoa, "Not on system console". Na vi inasema haijui terminal yangu.

La kwanza ni kinga, mstari wa CONSOLE kwenye /etc/default/login, ingia kama mtu wa kawaida halafu su -. La pili, laptopu yako inajitambulisha kama xterm-256color na mzee wa mwaka 2000 hajawahi kusikia hiyo, mpe TERM=vt100; export TERM. Backspace ikiandika ^H, andika stty erase halafu bonyeza backspace yenyewe kisha enter.

Rangi zinageuka kila nikihamisha maus dirisha jingine.

Sio ugonjwa. Uko kwenye 8-bit, rangi 256 zinagombaniwa na kila dirisha, na Netscape, kivinjari cha enzi hizo, ndo mlafi wao. Mfungue kwa netscape -ncols 64. Kadi yako ikiwa ni ya 24-bit jaribu m64config -depth 24, ikikataa ndo imekataa.

Saa inarudi nyuma.

Chip tena. Weka kwa mkono, date 031514302026 maana yake Machi 15 saa 14:30 mwaka 2026, na hiyo 14:30 ni saa nane na nusu yetu, kuna mtu aliweka 0830 akashangaa barua zake zimetumwa asubuhi. TZ, yaani saa za eneo lako, iko /etc/TIMEZONE.

Niiunganishe intaneti moja kwa moja?

Usithubutu.

Umeme ukikatika ghafla nifanyeje?

Ukirudi usiwashe palepale, moto wa kwanza unakuja na hasira, acha dakika tano. Ikiwaka ikaomba fsck, yaani ukaguzi wa diski, mpe fsck -y. Halafu ukishaingia fungua /etc/vfstab, kwenye mistari ya diski zako ile safu ya mwisho kabisa iliyo na kistari, weka neno logging badala yake, siku nyingine umeme ukikatika itajirekebisha kwa sekunde badala ya kukukalisha nusu saa. Nilikuja kujua hili nikiwa nimeshakaa gizani na mshumaa mara nyingi tu. Kuzima kwa kawaida ni init 5, sio kuchomoa waya, na Stop-A sio kuzima, ukiibonyeza kwa bahati mbaya andika go itaendelea ilipoishia.